Magurudumu Manne na Mbio za Malori ya Dizeli

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Ruhuwiko, Songea

Natumaini mmekwisha kaa, madaftari yako tayari, na kiongozi wa darasa ameipandisha sauti ya redio ili hata walio nyuma wasikie. Somo la leo ni la historia, lakini limezaliwa na ugomvi mdogo.

Juma lililopita nililitembelea darasa la jioni hapa Ruhuwiko. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, alinionyesha katika simu yake video ya Wamarekani wakishindana kwa pikapu za dizeli. Magari mawili yasimama sambamba, taa yawaka, mara yachomoka na kuacha moshi mweusi nyuma. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, hawa wameweka foo-wili, na barabara ni lami kavu. Matope yako wapi?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akacheka. Mzee huyo alikuwa utingo wa malori ya Zambia katika miaka ya 1960. Akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa katika mbio kubwa kuliko hizo, na lori letu lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu." Kijana akasema kwamba babu hayajui magari ya siku hizi. Mzee akasema kwamba kijana haijui barabara. Mimi niliona kila mmoja ana nusu ya haki. Basi leo tuitafute nusu ya pili.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Gari la kawaida lina magurudumu manne, lakini injini haiyazungushi yote. Katika lori la kawaida injini huyazungusha ya nyuma, na yale ya mbele hufuata tu na kuonyesha njia. Gari la foo-wili ni lile ambalo injini yake huweza kuyazungusha yote manne. Ni kama watu wanne wanaosukuma mkokoteni. Wawili wakiteleza, wawili wengine bado wameikanyaga ardhi.

Sasa tuitazame dizeli. Injini hii ina jina la mtu, Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ikafanya kazi vizuri katika mji wa Augsburg. Kila aliyewahi kupiga pampu ya baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto chini, pale hewa inapobanwa. Diesel aliibana hewa kwa nguvu nyingi mno, hata ikawa moto kiasi cha kuyawasha mafuta bila ya cheche. Injini ya namna hii yahitaji kuta nene za chuma, na kwa hiyo ni nzito. Lakini ina tabia moja ambayo wachukuzi wa mizigo waliipenda tangu mwanzo: hutoa nguvu kubwa ya kuzungusha hata inapokwenda polepole. Haingoji mpaka ipige kelele ndipo ivute. Mwaka 1924 kiwanda cha MAN cha Ujerumani kilionyesha lori la dizeli, na baada ya miaka michache malori makubwa ya Ulaya yakaanza kuiacha petroli.

Nataka mlikumbuke jambo hili la nguvu katika mwendo wa polepole, maana ndilo litakalotupeleka Marekani baadaye.

Je, foo-wili nayo ilianza wapi? Wengi hudhani ilianza vitani au shambani. Lakini motokaa moja ya kwanza kabisa ya namna hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano. Ilitoka Uholanzi mwaka 1903, katika kiwanda cha Spyker, nayo ilikuwa na injini ya petroli. Basi kijana wetu wa Ruhuwiko asichekwe. Mbio na magurudumu manne vimejuana zaidi ya miaka 120.

Shida kubwa ya mafundi wa siku zile ilikuwa gurudumu la mbele. Gurudumu hilo lazima lipinde kushoto na kulia, na papo hapo lizungushwe na injini. Fimbo ya chuma iliyonyooka itapindaje? Huko Wisconsin, Marekani, fundi mmoja aitwaye Otto Zachow alitengeneza kiungo cha chuma kinachozunguka huku kikipinda, mfano wa kifundo cha mkono wako. Alipata hati yake mwaka 1908. Kutokana na kazi yake ikaanzishwa kampuni ya malori ya foo-wili, na katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 maelfu ya malori hayo yalipelekwa kwenye matope ya Ufaransa.

Kwetu vita ile ile ilichukuliwa vichwani. Majeshi ya Waingereza na Wajerumani yaliyopigana katika nchi hii, pamoja na sehemu zetu hizi za Songea, yalitegemea wapagazi. Motokaa zilikuwapo, lakini zilikuwa chache, na mvua ilipoanza kunyesha zilikwama. Watu walichukuliwa kwa maelfu mengi kubeba unga, risasi na vipande vya mizinga, na wengi hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam latokana na kikosi hicho cha wabebaji. Basi tunaposema lori ni chombo cha maendeleo, tukumbuke ni shingo za nani zilizopumzishwa.

Sasa turudi nyumbani. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka barabara ya Songea kwenda Njombe kabla haijatiwa lami. Ilitiwa lami mpaka Makambako katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Uingereza. Kabla ya hapo, kuanzia Novemba mpaka Aprili, safari ilikuwa bahati. Milima ya Lukumburu ilikuwa mtihani wa kila dereva. Udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Tairi likianza kuzunguka bure hapo hujichimbia kaburi lake lenyewe, na kadiri dereva anavyokanyaga mafuta ndivyo lori linavyozidi kuzama.

Mzee wetu alilieleza darasa kazi ya utingo. Hakuwa mtu wa kupakia na kupakua tu. Alitembea nyuma ya lori na gogo mkononi, na kila lori liliposimama mlimani alilitupa gogo nyuma ya tairi, lori lisije likarudi. Alifunga minyororo kwenye matairi. Alikata matawi na kuyatandika katika nyayo za magurudumu. Nikamwuliza, "Mbona wenye malori hawakununua foo-wili?" Akanijibu, "Mzigo ndio foo-wili yetu."

Jibu hilo ni fupi, nami naomba tukae nalo kidogo, maana lina elimu nyingi. Tairi hushika ardhi kwa kadiri linavyolemewa. Lori likipakiwa, sehemu kubwa ya mzigo huilalia ekseli ya nyuma, na hiyo ndiyo inayosukuma. Kwa hiyo magurudumu ya nyuma hukandamizwa, yakashika. Foo-wili ina vyuma vya ziada, ina uzito wake, yala mafuta zaidi, na bei yake ni kubwa. Mwenye lori aliona ni heri vyuma hivyo viwe magunia ya mahindi. Ndiyo maana katika nchi yetu foo-wili ilikuwa zaidi ya jeshi, serikali, misheni na mashamba makubwa. Aghalabu ilikuwa Land Rover, gari lililotolewa Uingereza mwaka 1948 kwa ajili ya wakulima.

Sasa tufikie mbio alizozitaja mzee.

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wa kuwatawala Waafrika walio wengi. Mwezi Desemba Uingereza ikazuia mafuta yasiende Rhodesia. Lakini Zambia, iliyopata uhuru mwaka mmoja tu kabla yake, ilipata mafuta yake kupitia Rhodesia hiyo hiyo. Smith akaufunga mlango. Nchi nzima, pamoja na migodi yake ya shaba, ikajikuta haina petroli wala dizeli ya kutosha. Mafuta yakatolewa kwa mgao.

Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa ya mafuta kuyapeleka Zambia. Lakini ndege hubeba kidogo kwa gharama kubwa. Njia iliyobaki ilikuwa barabara ya kutoka Dar es Salaam kupita Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, kisha Mpika mpaka Kapiri Mposhi na kuendelea. Ni mwendo wa karibu kilometa 2,000 hadi Lusaka, na sehemu kubwa ilikuwa udongo na changarawe. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kitaliana, ziliunda shirika la uchukuzi lililoitwa Zambia Tanzania Road Services. Likaleta malori makubwa ya dizeli ya Fiat yenye matela. Malori hayo yalipanda na mafuta, yakashuka na shaba.

Hizo ndizo zilizokuwa mbio. Hapakuwa na kikombe wala watazamaji. Mshindani alikuwa tangi tupu la Zambia. Kila pipa lililochelewa lilikuwa gari lililosimama mahali fulani, au mashine iliyozimwa mgodini. Wakati wa kiangazi vumbi lilikuwa kama ukuta, hata dereva hakuliona lori lililo mbele yake. Wakati wa masika matope yalikata njia. Waandishi wa Kizungu waliipa barabara hiyo jina la njia ya jehanamu. Kandokando ya milima ilijaa malori yaliyopinduka, mengine yameungua pamoja na mizigo yao. Kule Kitonga, kati ya Mikumi na Iringa, barabara ina ukuta wa mlima upande mmoja na shimo upande wa pili. Mzee wetu alipofika hapo katika hadithi yake alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alipoteza rafiki pale. Hakumtaja jina, wala sisi hatukumwuliza.

Mbio zile hazikuendelea milele. Mwaka 1968 bomba la mafuta lilifunguliwa kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lenye urefu wa kilometa 1,710. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ile ikapata lami, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikakabidhiwa mwaka 1976.

Katika hadithi ya mzee kulikuwa na jambo moja ambalo kijana alilidaka mara moja. Mzee alisema kwamba lori lililokuwa gumu kuliondoa katika utelezi lilikuwa lile tupu. Lenye mzigo lilipanda taratibu. Tupu liliruka na kuteleza, kwa sababu nyuma kulikuwa kwepesi. Hapo kijana akapiga meza: "Basi ni kama pikapu!"

Naam, ni kama pikapu. Tuiangalie vizuri. Pikapu ya dizeli ya Kimarekani ina injini kubwa ya chuma mbele, na nyuma ina karai tupu. Mashindano yao ni ya njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402. Kwa mfano, chukueni kiwanja chetu cha ndege hapa Ruhuwiko. Anzeni mwisho mmoja wa njia ya kurukia, mhesabu hatua 500 hivi za mtu mzima. Mbio zote huishia hapo, na magari ya kasi hufika katika muda usiotosha kusema Baba Yetu. Mshindi aghalabu huamuliwa katika mita chache za mwanzo.

Katika mita hizo za mwanzo dizeli huleta ile nguvu yake ya mwendo wa polepole. Nguvu yote hiyo yaangukia magurudumu mawili ya nyuma ambayo hayana uzito wa kutosha juu yake. Matairi hulia na kuzunguka mahali pamoja, moshi watoka, na gari haliendi. Ni Lukumburu ile ile, ila hapa matope yamo katika nguvu yenyewe. Dereva akiweka foo-wili, nguvu hugawanywa. Magurudumu ya mbele, yaliyolemewa na injini, hupokea sehemu yake na kushika lami. Hili ndilo jibu la swali la kijana.

Lakini wanaojua huiweka kabla ya kuondoka, gari likiwa limesimama. Huchagua ile yenye herufi H, ya mwendo wa kasi, wala si L, ambayo ni ya kupandia na kuvutia. Kwa L gari lingemaliza gia zake kabla halijafika popote. Na hapo vyuma huumia. Fimbo ya kupeleka nguvu mbele, viungo vyake, na transifa, yaani lile sanduku la gia ligawalo nguvu, vyote vilitengenezwa kwa ajili ya theluji na mashamba. Wengi wamevivunja mstarini, taa ya kuondokea ikiwa bado inawaka.

Kuna jambo jingine linalowahusu ninyi mnaoendesha magari ya shamba. Foo-wili ya kawaida huyafunga magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke sawasawa. Katika njia iliyonyooka hapana neno. Katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na shida huisha. Kwenye lami kavu haliwezi kuteleza, basi vyuma hushindana vyenyewe kwa vyenyewe, usukani huwa mzito, na mwisho kitu hukatika. Mashindano ya robo maili hayana kona, lakini njia ya kwenda Mbinga inazo tele.

Hata hivyo msidhani kwamba foo-wili hushinda siku zote. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya motokaa ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally, na kwa miaka mingi yalipita pia katika nchi yetu. Mwaka 1983 kampuni ya Audi ilifika Kenya na magari yake mashuhuri ya foo-wili. Yalipata nafasi ya 2 na ya 3. Mshindi alikuwa Ari Vatanen katika Opel iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 1984, 1985 na 1986 Toyota ilishinda, nayo kwa magurudumu ya nyuma tu. Mpaka mwaka 1987 ndipo Hannu Mikkola alipoipatia Audi ushindi. Safari ile ilikuwa ndefu mno, na aliyefika ndiye aliyeshinda. Kitu chepesi na rahisi kutengeneza kilikuwa na faida yake.

Nikawaeleza pia habari ya lori moja la dizeli lililojengwa kwa ajili ya mbio hasa. Lilikuwa DAF la Uholanzi, katika mashindano ya kutoka Paris kwenda Dakar ya Januari 1988. Lilikuwa na injini mbili, moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma, na nguvu za farasi zaidi ya 1,000. Lori la tani nyingi likapita jangwani kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kwa saa, likashindana bega kwa bega na motokaa ndogo. Kisha moja la timu hiyo likapinduka katika jangwa la Niger, na mmoja wa watu wake watatu akafa. Kampuni ikajitoa katika mashindano.

Mzee aliposikia hayo alisema jambo ambalo sikulipata chuoni. Alisema, "Foo-wili ni ya kuondoka. Kusimama, kila gari lina magurudumu manne." Fikirini kidogo maneno hayo. Breki za lori la kawaida zimo katika magurudumu yote. Gari la foo-wili halina breki zaidi ya hizo. Litakupandisha mahali ambapo wenzako wamekwama, litakuondoa kwanza kwenye mstari, lakini ukishuka Lukumburu na mzigo halitakusaidia kusimama kushinda jirani yako. Mzee alisema dereva wake alishuka kila mlima kwa gia ile ile ambayo angeupandia, na breki aliziwekea akiba. Walipitwa na wengi. Siku nyingine waliwakuta waliowapita wakiwa bondeni.

Mimi mwenyewe niliwahi kulala njiani siku mbili kati ya Namtumbo na Tunduru, mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi. Basi letu lilikuwa limezama mpaka kwenye ngazi. Aliyetutoa alikuwa mkulima mwenye trekta. Barabara hiyo ilipata lami katika miaka ya 2010, na leo dereva aitokaye Songea asubuhi hula chakula cha mchana Tunduru. Malori ya makaa ya mawe na ya mahindi yapita mkoani mwetu usiku na mchana, nayo hayazuiwi tena na tope. Kijana wetu alimwuliza mzee kama angependa barabara ile ya zamani irudi. Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama angependa njaa.

Kabla ya kipindi kijacho, kila darasa limtafute mtu mmoja aliyekuwa dereva au utingo kabla ya lami. Mwulizeni ni wapi alipokwama muda mrefu zaidi, na alitokaje. Andikeni majibu yake kwa sentensi zisizopungua kumi, mkitaja mwaka na jina la mahali. Wale wa Ruhuwiko msiende kwa mzee wetu wa mlangoni, maana yeye na kijana wamekwisha anza kuandika pamoja. Mmoja asema, mwingine ashika kalamu.

Kwaherini.